Mama wa Kabichi
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka vizuri, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika neno moja ubaoni: HARADALI. Tulisome pamoja, silabi kwa silabi: ha-ra-da-li. Haradali ni mbegu ndogo sana, nayo ni kali. Wengine mmeisikia katika mahubiri. Wengine mnaijua jikoni, maana hutiwa katika achari.

Leo sitasema juu ya haradali yenyewe, bali juu ya jamaa yake mmoja aishiye porini, mbali na hapa, ukingoni mwa bahari ya Ulaya. Wengi wenu hamjapata kumwona. Lakini watoto wake mnawajua; labda mmewala jana usiku pamoja na ugali. Wataalamu wa mimea humwita Brassica oleracea. Sisi tutamwita kabichi-mwitu.

Kusini mwa Uingereza, karibu na mji wa Dover, kuna majabali marefu meupe yaliyosimama wima kando ya bahari. Jiwe lake ni laini, kama chaki iliyo mkononi mwa mwalimu wenu. Naam, lenyewe hasa ni chaki. Udongo hapo ni haba, upepo wa chumvi hupiga mchana na usiku, na kondoo hafiki kwa sababu ya mteremko. Mahali hapo ambapo mimea mingi hushindwa, kabichi-mwitu huota. Huota pia katika majabali ya Wales, na pwani za Ufaransa na Hispania.

Ukiuona mmea huo hutasema ni kabichi, maana hauna kichwa. Una shina gumu kama la mti, nalo aghalabu limepinda. Majani yake ni mazito, ya kijani chenye ukijivu, na juu yake pana nta, hata maji ya mvua huteleza kama yanavyoteleza juu ya jani la gimbi. Kwanza hutoa majani tu. Majira ya baridi yakiisha kupita, ndipo hupeleka juu bua refu lenye maua ya njano.

Sasa shikeni kalamu, mchore ua hilo. Lina petali nne, zimepangwa kama msalaba. Ndani yake mna vijiti sita vyenye unga wa chavua: vinne virefu na viwili vifupi. Ua likinyauka, huacha ganda jembamba, refu kama njiti ya kiberiti au zaidi. Ganda hilo likikauka hupasuka pande mbili, na katikati hubaki utando kama karatasi, na mbegu zimeshikamana pembeni mwake. Alama hizi ziwekeni kichwani, kwa maana ndizo alama za ukoo mzima wa haradali, ukoo wenye aina zaidi ya 3,000 duniani. Mkiona sukuma wiki iliyoachwa ikachanua, au figili, au chainizi, tazameni ua. Petali nne, msalaba, vijiti sita. Ni ndugu.

Ndugu hawa wana silaha moja wanayorithishana. Mtu akitafuna jani bichi la sukuma wiki, husikia ukali kidogo puani. Ukali huo haumo katika jani kabla halijaumizwa. Ndani ya jani kuna dawa za namna mbili, kila moja imewekwa mahali pake, hazigusani. Mdudu akiuma, au kisu kikikata, vyumba vile huvunjika, dawa mbili hukutana, na papo hapo huzaliwa mafuta makali ya haradali. Wadudu wengi hukimbia. Lakini si wote. Kipepeo mweupe wa Ulaya amekwisha zoea ukali huo, hata huutumia kama kibao cha barabarani cha kumwonyesha njia, ili aje kutaga mayai yake hapo. Yule nondo mdogo wa kijivu, ambaye viwavi wake hutoboa kabichi zetu mpaka zikawa kama chekeche, naye hufanya vivyo hivyo. Silaha ya mwenye nyumba imekuwa taa ya mwizi.

Katika dawa hizo mna salfa, na ndiyo sababu kabichi iliyochemshwa muda mrefu hunuka nyumba nzima. Akina mama na akina baba mpikao, msichemshe hivyo. Pikeni upesi, kwa maji machache, maana vitamini C huharibika kwa moto na nyingine hutoka na maji mnayoyamwaga.

Basi, mmea mkali wa majabalini ulipataje kuwa kabichi? Jibu ni fupi, ingawa kazi yenyewe imechukua zaidi ya miaka 2,000. Watu walichagua mbegu.

Chukulieni mama mmoja wa zamani zile. Jina lake halikuandikwa popote. Ana miche 20 nyuma ya nyumba yake. Miwili mitatu ina majani mapana kuliko mingine, na ukali wake si mwingi. Watoto wana njaa. Ale ipi kwanza? Tamaa yasema, ile mizuri. Lakini akiila yote, mwakani hatakuwa nayo tena. Kwa hiyo yeye na watoto wake wanakula ile mibaya, na ile mizuri miwili mitatu anaiacha ichanue, izae, ikauke, ndipo achukue mbegu. Mwaka wa pili hufanya vile vile. Binti yake hufanya vile vile, na mjukuu wake. Mtu mmoja hawezi kuona badiliko kubwa katika maisha yake. Lakini vizazi 50 vikipita, mmea wa mjukuu si mmea wa bibi. (Kwa nini nimesema miwili mitatu, wala si mmoja tu ulio bora kuliko yote? Mtaona baadaye.)

Watu wa nchi mbalimbali hawakupenda kitu kimoja. Waliopenda majani walichagua majani, na mmea ukawa huu tuuitao sukuma wiki. Huu haukubadilika sana, hata ukisimama mrefu shambani unafanana na babu yake wa majabalini. Wengine walipenda chipukizi la juu kabisa, likiwa bado limejifunga. Hao ndio waliotupatia kabichi. Kesho mkikata kabichi, msiikatekate kwanza. Ipasueni katikati toka juu hadi chini, mtazame. Mtaona shina fupi nene, na majani yote yameshikana nalo, jani limelala juu ya jani. Kabichi nzima ni chipukizi moja kubwa lililokataa kufunguka. Huko Ubelgiji, katika nchi ya Brussels, wakulima walijulikana kwa kupanda mmea wenye vikabichi vidogo kama ndimu, vimejipanga shinani, kila kimoja kwapani mwa jani. Wengine walichagua shina, likavimba likawa kama mpira. Na watu wa Italia na nchi jirani wakachagua maua. Brokoli ni vichipukizi vya maua ambavyo havijachanua. Koliflawa, kile kichwa cheupe, ni maua yaliyoanza kuumbwa yakakwama njiani, kila tawi likazaa tawi badala ya kuzaa ua.

Yote haya ni mmea mmoja. Si jamaa tu wa karibu, bali ni aina moja, kama vile mbwa wa kuwinda na mbwa wa kulinda nyumba wote ni mbwa. Bwana Charles Darwin wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1859, aliliona jambo hili akaliandika: majani ya kabichi mbalimbali yametofautiana mno, bali maua yake yanafanana sana. Sababu ni dhahiri. Mkulima wa kabichi alitazama majani tu, hakuwa na haja na ua. Kile ambacho mtu hakukichagua kilibaki kama kilivyokuwa majabalini.

Kuchagua huku ni kwa zamani sana. Yapata miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki mmoja aliyeitwa Theophrastus aliandika kwamba kuna kabichi za namna tatu: yenye majani yaliyokunjamana, yenye majani laini, na ya mwituni. Na Mrumi mmoja, jina lake Cato, aliyekufa mwaka 149 kabla ya Kristo, aliisifu kabichi kupita mboga zote, akaifanya dawa ya karibu kila ugonjwa. Hapo nadhani alizidisha.

Nilipokuwa chuoni nilifundishwa kwamba mama wa kabichi zote ndiye yule wa majabali meupe. Sasa hapana budi nisahihishe. Mwaka 2021 wataalamu walitangaza utafiti wao baada ya kulinganisha kabichi za mashambani na jamaa zake wengi wa porini. Waliona kwamba jamaa wa karibu zaidi aliye hai ni mmea uitwao Brassica cretica, unaoota katika miamba ya Ugiriki na visiwa vyake, upande wa mashariki wa bahari ya Mediterania. Tena waliona kwamba baadhi ya mimea iliyohesabiwa kuwa ya porini asili yake ni bustanini: ni uzao wa mimea iliyotoroka zamani, ikarudi kuishi bila mkulima. Kwa hiyo huenda yule tuliyemwita mama wa Dover ni mtoto aliyetoroka nyumbani. Nimeliacha jina la somo letu kama lilivyo, lakini mjue kwamba mama mwenyewe yaelekea alikaa Ugiriki.

Je, na sisi Afrika hatumo katika ukoo huu? Tumo. Mboga ambayo watu wa Arusha huiita loshuu ni ndugu wa kweli. Asili yake ni Ethiopia na nchi za jirani. Mwaka 1935 mtaalamu mmoja aliyefanya kazi Japani, Nagaharu U, alieleza kwamba mmea huo ni mtoto wa wazazi wawili wa aina mbali: mmoja ni wa jamii ya kabichi, wa pili ni haradali nyeusi. Aina hizo mbili zilikutana zamani, na mtoto akachukua urithi wote wa baba na wote wa mama.

Sasa tuje kwenye jambo linalogusa mfuko wetu. Mbegu za mahindi, za kunde, za maboga, wengi wetu twajua kuzihifadhi. Lakini mbegu za kabichi twanunua dukani kila msimu, na bei yake mnaijua. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni baridi. Kumbukeni kwamba kabichi-mwitu hungoja baridi ipite ndipo ichanue. Kabichi yetu haijasahau desturi hiyo. Ili itoe ua, ni lazima kwanza mmea uwe mkubwa kidogo, kisha ukae katika baridi kwa majuma mengi, baridi ya nyuzi 10 au chini yake. Pwani, na katika nchi nyingi za tambarare, baridi hiyo haipo. Mmea unangoja majira yasiyokuja, mpaka unaoza. Ni sehemu za milima tu ambako huweza kuchanua, na hata huko si kila mwaka wala si kila namna.

Sababu ya pili nilijifunza kwa hasara yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifanya kazi Njombe, ambako mwezi wa Julai mtu huamka akaona nyasi zimekuwa nyeupe kwa baridi. Nyuma ya nyumba nilikuwa na sukuma wiki nzuri sana. Mmoja katika hiyo ulikuwa bora kuliko yote, nami nikaung'oa mingine yote, nikauacha huo peke yake uchanue. Nilijiona mtaalamu. Ukachanua vizuri, nyuki wakaja. Jirani yangu naye alikuwa na koliflawa zilizokwisha mpita wakati wa kuvuna, zimetoa maua. Sikujali. Nilivuna mbegu, nikazipanda, nikawagawia na wenzangu kazini kwa fahari. Mimea ilipokua, haikufanana na mama yake hata kidogo. Majani yalikuwa membamba, mingine ikajikunja katikati kama inayotaka kufanya kichwa na isijue namna ya kukifanya. Wenzangu walinicheka msimu mzima.

Kilitokea nini? Ua la mmea huu kwa kawaida hukataa chavua yake lenyewe. Koo zetu nyingi humkataza mtu kuoa ndani ya ukoo wake. Mimea hii nayo ina mwiko wa namna hiyo. Mmea ulio peke yake hupata mbegu chache mno, au haupati kabisa. Ni lazima nyuki alete chavua kutoka mmea mwingine. Na kwa kuwa sukuma wiki, kabichi, koliflawa na brokoli ni aina moja, nyuki hana ubaguzi. Mimi niliung'oa mingine yote, nikaunyima mchumba wa namna yake, basi ukamchukua wa jirani. Wazalishaji wa mbegu hutenga mashamba yao kwa kilomita 1 au zaidi ili jambo hili lisitokee. Na yule mama wa zamani alifanya vema kuacha miwili mitatu.

Kwa hiyo mtu mwenye bustani ndogo afanyeje? Kwa kabichi, nitasema wazi: nunueni mbegu, msijisumbue. Kwa sukuma wiki iko njia nyingine, nayo wakulima wa milimani Kenya wameitumia muda mrefu. Sukuma wiki iliyozeeka hutoa machipukizi ubavuni mwa shina. Chukueni chipukizi lenye urefu wa kiganja, litolewe kwenye mmea wenye afya, punguzeni majani makubwa, mlichomeke kwenye udongo wenye unyevu chini ya kivuli. Baada ya majuma machache litakuwa na mizizi. Mmea huo utafanana na mama yake kwa kila jambo, kwa maana ni sehemu ya mwili wake, hakuna nyuki aliyeingilia. Angalieni tu jambo moja. Kama mama ana majani yenye mabaka, au mishipa ya jani imekuwa myeusi, msimkate, kwa kuwa maradhi huenda pamoja na chipukizi.

Mbele ya mwisho, tusome. Pakiti ya mbegu ni kitabu kidogo, na wengi hununua bila kukisoma. Mwalimu, andika ubaoni herufi F na tarakimu 1 kando yake: F1. Ukiona alama hiyo kwenye pakiti, maana yake mbegu ni uzao wa kwanza wa wazazi wawili mbalimbali waliochaguliwa kwa makusudi. Mimea yake hulingana kwa ukubwa, huwa na nguvu, na kabichi hukomaa karibu siku moja. Lakini ukichukua mbegu kutoka kwayo ukapanda, watoto hutawanyika, huyu kafuata babu, huyu kafuata bibi. Mwenye duka hakukudanganya. Pakiti ilikwambia. Kama hakuna alama hiyo, mbegu zinaweza kurudia namna yake, mradi mwiko wa nyuki uuangalie.

Kisha tafuteni tarehe. Mbegu za ukoo huu, zikitunzwa mahali pakavu na pa baridi, huishi miaka 3 au 4, lakini katika duka la bati lenye joto hufa mapema. Ukiwa na shaka, usipande kitalu kizima. Hesabu mbegu 20, zifunge katika kitambaa chenye maji, kiweke mahali penye kivuli, usikiache kikauke. Baada ya siku 7 fungua uhesabu. Zikiota 16 au zaidi, panda. Zikiota 5, utajua kwamba shamba lako limeokoka, na pakiti hiyo usiinunue tena hapo.

Mbegu za wale wa porini nazo hutunzwa, katika maghala ya baridi ya nchi mbalimbali, maana huenda wana kitu ambacho watoto wao wamekipoteza njiani. Jamaa mmoja wa kabichi aotaye porini Sicily, kisiwa cha Italia, amekwisha oanishwa na brokoli, na tangu mwaka 2011 brokoli hiyo iliuzwa Uingereza. Ina kwa wingi moja ya zile dawa za ukoo nilizowaeleza. Mama yule wa zamani alikula majani makali ili apunguze ukali. Wataalamu wa leo wamepanda hadi miambani kuurudisha.

Basi, juma lijalo kila mwenye pakiti ya mbegu nyumbani, hata iliyo tupu, aje nayo darasani. Mtasoma kwa zamu: jina la mbegu, alama, tarehe, uzito. Asiye na pakiti alete ua la mmea wowote anaoudhania kuwa wa ukoo wa haradali, nanyi mtahesabu petali. Kwaherini.